Laptopu ya Marehemu

Mtaa mzima ulimwita Mama Nyuzi, maana hakuna siku aliyotoka nyumbani bila kipande cha uzi kumganda nguoni. Kazi yake ilikuwa kutarizi: nembo za shule kwenye sweta, majina kwenye makoti ya wauguzi, maua kwenye foronya na mashuka. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana, na humo alifanya kazi na wifi yake, mdogo wa marehemu mumewe. Wifi alichora michoro kwenye laptopu. Mama Nyuzi aliipeleka kwenye mashine ya kutarizi, akachagua rangi, akasimamia sindano. Mmoja bila mwenzake alikuwa nusu fundi, na kwa kuwa wote wawili walilijua hilo, walitaniana kutwa.

"Wifi, hili ni ua au kabichi?"

"Ni ua. Uzi wako ndio wa kabichi."

Laptopu ile aliinunua marehemu mwaka walipofungua karakana. Aliibeba kifuani kutoka dukani kama mtoto mchanga, akakataa hata kupokewa. Alipofariki, Mama Nyuzi aligawa nguo zake, viatu vyake, hata saa yake ya mkononi. Laptopu ilibaki mezani, na kila asubuhi aliifuta vumbi kabla hajagusa kitu kingine chochote.

Siku moja kioo kilileta tangazo: kompyuta hii haiwezi kupokea toleo jipya la mfumo. Wifi aliibeba mpaka kwa fundi kompyuta wa karibu na soko. Fundi aliifungua mgongo, akaichungulia, akaifunga tena.

"Haijafa," alisema. "Ila haitapanda tena. Hapo ilipofika ndipo mwisho wake. Sasa programu zitaanza kuikataa moja moja."

Wifi akarudi na shauri: wanunue mpya, akiba ilikuwepo. Mama Nyuzi hakuinua hata macho.

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Basi ni nzima."

Ikawa kama fundi alivyosema. Faili walizotuma wateja hazikufunguka. Wifi akawa anachora nembo upya kwa kukisia, akitazama picha ndogo kwenye simu, na mteja akija kuchukua mzigo anakuta ndege wa nembo ana shingo ya bata. Kazi zikarudishwa. Hatimaye wifi akaacha kuchora.

"Wifi, tunajidanganya. Tunakumbatia chuma."

"Hicho chuma ni cha mume wangu."

"Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako."

Hapo Mama Nyuzi angenyamaza, yangeisha. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Wewe kila kitu kikichakaa unatupa," alisema. "Hata ndoa yako uliifanyia hivyo hivyo."

Ndoa ya wifi ilikuwa ya vipigo. Siku alipoikimbia, mlango aliobisha ulikuwa wa nyumba hii hii, na Mama Nyuzi ndiye aliyemfungulia, akamkanda uso uliovimba kwa maji ya vuguvugu. Aliyajua yote. Neno lile lingetoka kwa mtu baki lisingemuuma wifi nusu ya lilivyomuuma.

Wifi alihifadhi mchoro aliokuwa akiuchora, akafunika laptopu taratibu, akachukua mkoba wake. Kesho yake hakuja. Mama Nyuzi alimsubiri, akijiambia kuwa mdogo ndiye wa kuanza. Wiki zikapita, akasikia kuwa wifi amepanga chumba karibu na stendi, amenunua laptopu yake, na wateja wameshaijua njia.

Karibu mwaka mzima Mama Nyuzi alitarizi michoro ya zamani iliyobaki kwenye laptopu ya marehemu, maua yale yale, mpaka mteja mmoja akamuuliza kama hana mengine. Kisha zahanati ikamletea kazi kubwa, makoti ya wafanyakazi wote na nembo mpya. Faili ikagoma. Fundi naye akatikisa kichwa: angeweza kuiwekea laptopu mfumo mwingine mwepesi, lakini programu ya michoro isingekubali kukaa humo.

Mama Nyuzi akavaa, akaenda kwa wifi yake.

Njia nzima alipanga la kusema. Alipofika, yote yakamruka. Wifi alisimama, akamwamkia kwa heshima zote, akampa kiti na chai. Aliifungua faili ya zahanati, akatengeneza mchoro palepale, akautia kwenye flashi. Mikono yake ilikuwa na haraka ile ile.

"Wifi," Mama Nyuzi alianza, "lile neno langu…"

"Nilishalisamehe."

"Basi rudi nyumbani. Nitanunua mpya."

Wifi alizungusha flashi vidoleni. "Unajua siku ile nilikuwa nimeshazungumza na fundi? Nilitaka ahamishe picha zote za kaka, na zile sauti alizojirekodi akiimba vibaya. Halafu ile ya zamani tuiweke juu ya kabati, mahali pa kuonekana. Sikutaka itupwe, wifi. Nilitaka ipumzike."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?"

Mama Nyuzi aliitazama chai yake.

"Kurudi, hapana," wifi alisema kwa upole. "Hapa nimeshazoea. Kusamehe nimesamehe, kusahau ndiko kumenishinda. Kazi ukiwa nayo, nitumie, nitakuchorea."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Mama Nyuzi alinunua laptopu mpya, fundi akahamisha picha na sauti zote, na ile ya zamani iko juu ya kabati. Wifi huchora kule kwake na kutuma, Mama Nyuzi hutarizi huku. Nembo zinatoka safi, na wateja wamerudi. Kutwa nzima chumbani husikika mashine tu.

Wifi hupiga simu kuuliza rangi za nyuzi. Mama Nyuzi humjibu, kisha humuuliza jambo la mchoro ambalo jibu lake analijua vizuri, ili simu isikatwe upesi.