Mikarafuu ya Mama na Nyumba ya Kimya

Mama alianza kuichukia mikarafuu mwaka aliokufa kaka yangu, na mama mwenyewe alikuwa na shamba zima la mikarafuu. Shamba liko Ole, kisiwani kwetu. Babu aliipanda miti ile kwa mkono wake, na mama akairithi. Kaka alikuwa mchumaji hodari, mwenye maneno mengi, hata akiwa juu mtini hakuacha kututania. Siku ile alipanda mti wa karibu na kisima. Tawi la mkarafuu halipindiki wala halikuonyi, hukatika tu. Tulimfikisha hospitali akiwa bado anatutazama, tukarudi naye amefunikwa shuka.

Tangu hapo mama hakuchuma. Kila msimu alikodisha mavuno kwa watu wengine, na wachumaji wakiingia shambani yeye alifunga mlango na madirisha akabaki ndani na joto lake. Sisi tulijifanya hatuoni. Nyumbani kwetu jambo likiuma sana halitajwi, na mimi desturi hiyo siipendi hata leo.

Ndipo akaja mzee mmoja kutoka Dar es Salaam. Wazee wake walitoka Sri Lanka, yeye alizaliwa Dar, anasema Kiswahili kama sisi, na dini yake ni ya Budha. Alikuwa anatafuta mahali pa kujenga kituo cha kutafakari: ukumbi na vyumba vichache, watu waje wakae siku kadhaa bila kusema neno, wasikilize pumzi zao. Nilimwambia mama kwamba watu wa mjini wamekosa kazi mpaka wanasafiri kwenda kunyamaza. Mama hakucheka. Alimuuliza mzee kama ataleta masanamu. Mzee akasema kwa heshima ya wenyeji hataleta, atatandika mikeka tu.

Walikubaliana. Mzee angekodi shamba kwa miaka mingi, na mama angekuwa mwangalizi na mpishi wa kituo. Majirani walinuna. Wapo waliokatisha salamu kisimani, na wapo waliosema mama anakaribisha makafiri kwenye ardhi ya marehemu babu. Nilipomuuliza kwa nini anajitafutia maudhi uzeeni, alinijibu huku anapepeta mchele.

"Mie n'nataka pahala watu wakae chini tu. Hapana apandae nti."

Nti kwa lafudhi yake ni mti, nami nilijua ni mti upi.

Fedha za kujenga zilikuwa zitoke kwa Wabudha wenzake mzee, wa Dar na wa nchi za nje. Kila alipokuja alipiga picha za mikarafuu, ile mirefu iliyokutanisha vichwa. Kisha aliketi chini ya mti wa karibu na kisima, macho kayafumba, mpaka jua lipande. Alisema kivuli kama kile hajapata kukiona kwingine. Mama alimtazama kutoka jikoni, hakumwambia kitu. Nami sikumwambia.

Mzee alirudi Dar kuchangisha. Alikuwa akipiga simu: leo fulani kaahidi, kesho fulani kachelewa. Miezi ikapita. Mama akaanza kukonda kwa wasiwasi, maana majirani walishaanza kumuuliza kwa kejeli iko wapi hiyo nyumba ya kimya.

Sasa, kwetu michango ina njia yake. Misikiti yote ninayoijua pande zetu ilianza hivyo hivyo: watu wa kijiji wanafyeka kiwanja, wanachimba msingi, wanapanga mawe, wanawake wanabeba maji na mchanga. Msingi ukishatoka ardhini, picha zinapigwa, zinapelekwa kwa mfadhili. Akiona watu hawafanyi mchezo, anamalizia. Hakuna mfadhili anayetoa chake kwa ajili ya kichaka. Mama alishabeba mchanga wa misikiti mitatu katika maisha yake, na hakuna aliyemfundisha njia nyingine.

Kwa hiyo alitafuta kibali kupitia kwa sheha, kiongozi wa kijiji, akauza bangili zake, akaita mafundi na misumeno. Hakuniambia. Mimi nina duka la vitambaa Konde na huja nyumbani mwisho wa wiki. Ijumaa ile niliposhuka garini nilidhani nimepotea. Palikuwa na mwanga mahali ambapo tangu utoto wangu palikuwa na giza la majani. Visiki vilikuwa vyeupe, na harufu ya karafuu ilikaba koo. Katikati yake mawe ya msingi yamepangwa sawasawa, na mama amesimama juu yake, kanga kaifunga kiunoni, anacheka. Ilikuwa miaka sijamwona anacheka.

"Nti uloniulia mwanangu ndo nloanza nao," akanambia. "Haya, piga picha umpelekee mzee. Wafadhili wake waone."

Nilipiga. Mama mbele, msingi nyuma yake, na visiki mpaka kwenye uzio. Nikazituma zote.

Mzee alipiga simu Jumapili asubuhi. Alitusalimu kwa kirefu, akauliza afya ya kila mtu, kisha akauliza nani aliyeagiza miti ikatwe. Mama akasema ni yeye, kwa furaha, akingoja kushukuriwa.

"Bi Mkubwa," mzee akasema, "wale watu walitoa kwa ajili ya miti ile. Na mtawa aliyekuwa aje kutuongoza ameona picha. Anasema hawezi kuketi mahali palipoanzishwa kwa kukatisha uhai."

Mama aliitazama simu mkononi mwangu.

"Na mwanangu?" akasema. "Yeye hakuwa na uhai?"

Ikabidi mimi ndiye nieleze. Nilimweleza mzee habari ya kaka, ya tawi, na ya mti aliokuwa akikaa chini yake amefumba macho. Tulimsikia anavuta pumzi. Akasema hakujua. Alisema hivyo mara nyingi.

Michango ilirudishwa kwa wenyewe. Mzee si mtu mbaya, na hilo linaniudhi, kwa sababu tapeli ningemlaani nikapumua. Hadi leo hutuletea salamu za Idi. Hakutwambia kwamba watu wake huuhesabia mti uhai, alidhani linajulikana. Nasi hatukumwambia kilichotokea chini ya mti, kwa sababu sisi ndivyo tulivyo. Magogo yalikwenda kwa kuni. Msingi umeota majani, na mbuzi wa jirani hulala juu yake.

Msimu huu mikarafuu imezaa sana. Mama hana mti wa kukodisha, na cha duka langu hakitoshi. Asubuhi huchukua pakacha akaenda mashamba ya wale wale waliomnyima salamu, akaokota karafuu zinazodondoka huku vijana wanachuma juu yake. Nimekwenda naye. Anaokota upesi kuliko wanawake wote. Tawi likilia huko juu, mikono yake husimama, na hufumba macho asiangalie. Hukaa hivyo, kimya, mpaka asikie kijana anazungumza. Kisha huinama tena.