Moshi Jikoni kwa Kache

Siku ya nane ya mgomo, Januari mwaka 1947, palisalia nyumba moja tu katika mstari wa nyumba za vibarua pale Changamwe iliyofuka moshi mara mbili kwa siku. Ilikuwa nyumba ya Kache, mke wa Nzai, kibarua wa gatini Kilindini.

Kache alijua moshi ule unaonekana. Alijaribu kupikia vifuu vya nazi, ambavyo moshi wake ni mdogo, na kuinjika chungu kabla hakujapambazuka. Lakini mwenye njaa husikia harufu hata ya maji yanayochemka.

Wa kwanza kuja alikuwa Milcah, jirani waliyetenganishwa naye na ukuta wa udongo. Mumewe Milcah pia alikuwa kwenye mgomo. Alisema anaomba kijinga cha moto, kisha akasimama mlangoni akitazama chungu.

"Mwapika, Mama Kafedha."

"Twapika kidogo."

"Sisi tangu juzi ni maji na chumvi."

Kache alimega matonge mawili ya sima akamfungia kwenye jani la mgomba. Milcah alipokea, akaenda zake. Kijinga cha moto hakukichukua.

Kesho yake alasiri wakaja wanaume watatu. Nzai hakuwapo, alikuwa ametoka asubuhi kwenda kutafuta kaa kwenye mikoko ya upande wa Port Reitz. Aliyetangulia ni Kazungu, mwenzake Nzai wa miaka mingi gatini, mtu ambaye alikula arusi yao. Alipiga hodi kama kawaida, lakini hakungoja kukaribishwa.

"Shemeji, Nzai yuko wapi?"

"Ameenda mikokoni."

"Watu wanasema ameenda kazini. Wanasema wanaoingia kwa siri wanapewa posho ya unga, na kwako unga haukatiki."

Kafedha, binti yake wa miaka sita, alijibanza nyuma ya mamake. Kache alizisikia pumzi za mtoto kiunoni mwake. Juzi tu, upande wa pili wa reli, mtu aliyeshukiwa kuingia kazini alivutwa nje ya nyumba yake, akavunjwa mkono.

"Nani kasema?"

"Hilo si jambo. Tuonyeshe unga."

Unga ule Kache hakuwahi kumwonyesha mtu, hata mumewe. Akiuonyesha, mtaa mzima utajua ulipo. Asipouonyesha, Nzai atarudi na kaa zake na kuwakuta watu hawa mlangoni.

Akapanda kinu akiwa amekifudikiza, akanyoosha mkono juu ya uchaga, nyuma ya kuni, akashusha mitungi miwili. Mmoja ulikuwa mtupu. Wa pili ulikuwa na unga chini kabisa, na juu yake vipande vya makopa, ile mihogo iliyoanikwa ikakauka.

"Posho ya bandari ni mahindi," akasema. "Meupe. Onja huu."

Kazungu alichota kidogo kwa ncha ya kidole. Unga ulikuwa wa kijivu, una vidoadoa, na unanuka uchachu. Aliuonja, akawapa wenzake nao wakaonja.

"Umeutoa wapi?"

Hapo Kache akaeleza. Wakati wa vita, chakula kilipoadimika, mtoto wake mdogo aliugua na nyumbani hamkuwa na unga wa kumkorogea hata kikombe cha uji. Walimzika. Tangu hapo, mihogo ikiwa tele, huenda sokoni jua likitua, wauzaji wanapotaka kurudi kwao Rabai, akanunua fungu kwa nusu ya bei na kuanika. Tui la nazi hukamua mara tatu. Koroboi huizima watu wakishakula. Na kila akisonga sima, huchota konzi moja ya unga akairudisha mtungini.

"Konzi ya nani?"

Wote wakageuka. Nzai alikuwa mlangoni, matope hadi magotini, kikapu mkononi.

"Konzi ya sahani yangu," akasema taratibu. "Miaka yote hii nalala nusu ya shibe nikidhani ni kibarua changu hakitoshi. Kumbe nakatwa nyumbani."

Ilikuwa kweli. Kazungu ndiye aliyemjibu, akitazama chini, "Bwana, sisi tulikuja kwa ubaya. Hiyo konzi ndiyo imekuponya leo." Akaaga, na wenzake wakamfuata.

Nzai alikula jioni ile akiwa amempa mkewe mgongo. Siku ya tatu alichukua mtungi mwenyewe, akautikisa, akauliza, "Zimebaki siku ngapi?"

"Siku mbili. Tukiwapa watu, moja."

"Nani wa kupewa?"

Kache alikwisha jua ni nani aliyepeleka maneno kwa Kazungu. Alijaza kibaba kimoja, akazunguka ukuta, akakiweka mbele ya Milcah.

"Nilikuwa na njaa," Milcah akasema.

"Najua. Changanya na majani ya kunde, usipike mtupu. Utakula mara mbili."

Hakukaa kuzungumza. Miezi mingi ilipita kabla hawajaketi tena pamoja kusukana nywele.

Mgomo uliisha wanaume wakarudi gatini, na nyumbani kwa Kache mlikuwa hamna kitu. Mchana ule walikunywa maji ya madafu mawili aliyopewa Kafedha na jirani mwingine. Nzai alipopata malipo yake ya kwanza alimletea mkewe fedha zote, kisha akangoja mbele yake kama mtu anayengoja kuhukumiwa. Kache alimrudishia kidogo za tembo la mnazi. Kisha akavaa kanga akaenda sokoni, kwa kuwa jua lilikuwa linashuka.