Dohani ya Saba

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, baba yangu, Karanja wa Gitau, alikuwa mwashi katika shamba la mzungu karibu na Molo. Nyumba aliyoijenga huko ilichukua miaka mitatu. Nautaja muda huo mapema kwa sababu ndio uliomtia nyanya yangu hofu.

Wafanyakazi waliiita Kwa Thoni, kwa jina la mwenyewe, Bwana Thornley. Jina halisi la nyumba lilikuwa Wexmoor. Lilichongwa juu ya mlango wa mbele, na aliyelichonga ni baba, bila kukosea herufi hata moja, ingawa hakujua kusoma Kiingereza.

Bwana Thornley alitaka nyumba ya babu yake iliyoko Uingereza isimame upya kwetu. Alikuwa na picha ya nyumba hiyo ndani ya fremu, na aliwaeleza mafundi habari zake. Sehemu ya katikati ndiyo ya kale. Upande wa mashariki uliongezwa na mmoja wa wazee wake, na mwanawe akajenga wa magharibi ili pande mbili zilingane. Juu ya paa zilipangwa dohani saba za kutolea moshi. Zamani moto uliunguza chumba kimoja cha nyuma, na dohani yake ikafunikwa kwa jiwe. Kule Uingereza kazi hiyo ilichukua vizazi vinne. Baba na wenzake sita waliiga yote kwa pamoja, hata lile jiwe. Baba aliuliza kwa nini wajenge dohani kisha waizibe. Aliambiwa ndivyo ilivyo kwa babu.

Kwetu Wakikuyu nyumba ilijengwa kwa siku moja. Asubuhi nguzo zilisimikwa, na kabla ya jua kutua moto uliletwa kutoka nyumba ya zamani. Nyumba ikilala bila moto, wasioonekana huingia kwanza, na mwenyewe akija huwa mgeni wao. Nyanya Nyambura alikuwa amezihesabu siku za ujenzi wa Wexmoor. Alisema imelala bila moto zaidi ya mara elfu.

Ilipokamilika, Bwana alimpa baba chumba kidogo cha nyuma, upande wa magharibi, ili awe karibu na paa lake. Mama alifurahi. Kibanda chetu kambini kilipitisha upepo, na dada yangu mdogo, Wairimu, alikuwa akikohoa tangu mvua zianze. Nyanya alikubali tuhame kwa sharti moja, kwamba moto wa jiko lake utangulie.

Baba alikataa. "Mama, mimi nimebatizwa."

"Moto haukuulizi jina la ubatizo," alijibu nyanya.

Aliupeleka mwenyewe mchana, makaa yakiwa juu ya kigae, mimi nikifuata na vijiti vikavu. Mpishi wa Bwana, Barasa, alitufungulia mlango wa nyuma akauliza kama tumekuja kupika au kuwachoma. Nyanya alimpita akaingia. Aliyaweka makaa katika meko ya ukutani ya kile chumba akapuliza. Moshi ulipanda kidogo, ukasita, kisha ukarudi wote usoni mwake. Alikohoa, akasimama akiutazama. Halafu aliyaokota makaa kwa vidole vyake, moja moja, akayarudisha kwenye kigae.

"Wamekataa," alisema.

Jioni baba alimweleza kwamba si watu wala pepo, ni lile jiwe la juu ya dohani, na yeye ndiye aliyelipandisha. Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho. "Umejenga pua isiyo na tundu," alisema, "kisha unashangaa nyumba haipumui."

Hatukuhama. Wenzake baba walimcheka kwa wiki nzima, fundi mzima kuzuiwa na mama yake. Barasa ndiye aliyekipata kile chumba, yeye na mkewe Nekesa. Siku waliyohamia, baba aliwasaidia kubeba kitanda. Barasa alimtania njia nzima kwamba mizimu ya Wakikuyu haijui lugha yake ya Kibukusu, kwa hiyo yeye atalala salama. Baba alicheka. Nilikuwa nyuma yao nimeshika mto. Nilingoja aseme juu ya jiwe. Hakusema. Nadhani aliona kwamba akilitaja atakuwa ameanza upya hadithi ya mama yake, na alikuwa amechoka kuchekwa.

Mwezi wa Julai baridi ilizidi. Alfajiri moja Barasa alimwachia mkewe jiko la makaa karibu na meko, dirisha limefungwa, akaenda kuoka mkate. Aliporudi na chai, Nekesa hakuamka.

Kambi nzima ilisema ni wasioonekana. Siku iliyofuata mazishi baba alipanda juu ya paa bila ruhusa ya Bwana, akalivunja lile jiwe kwa nyundo. Bwana alilalamika kwamba nyumba haifanani tena na ya babu yake. Baba aliteremka, akakusanya vipande, akaenda nyumbani.

Sasa ninaishi Dubai na binti yangu, Wambui. Mwaka jana tulitoka Al Twar tukahamia Jumeirah Village Circle, katika jengo lililosimama mifupa mitupu kwa miaka kadhaa kabla ya kumalizwa. Siku ya kwanza nilishika kipande cha gazeti mbele ya tundu la hewa la jikoni, ambako tunapikia gesi. Hakikutikisika. Nilifungua kifuniko kwa sarafu. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Mlinzi wa jengo, kijana wa Tanga, aliahidi kuwaita mafundi. "Inshallah kesho, mzee wangu." Nilingoja kesho tatu. Kisha nikavaa koti ili niwapigie majirani hodi.

"Baba, acha basi," alisema Wambui. "Majirani watasema nini?"

Nilimjibu kwamba watacheka.

Habari ya wasioonekana sijaiamua mpaka leo, na kwa umri wangu sidhani nitaiamua. Habari ya jiwe ninaijua. Siku ile tulipohamisha kitanda cha Barasa, tulioijua tulikuwa wawili, na mmoja wetu nilikuwa mimi.

Ghorofa yetu ina milango minane. Wengine walidhani ninauza kitu. Mlango wa mwisho ulifunguliwa na mwanamke aliyebeba mtoto, na jikoni kwake palinukia ubani juu ya makaa. Nilimtajia jina langu, kisha nikamwomba afungue dirisha.