Fimbo za Kipimo cha Karani

Nilifika Kericho kwa lori la mbolea. Lilikuwa limeshusha majani chai Mombasa na sasa lilikuwa linarudi bara na magunia ya mashamba makubwa. Dereva wake, mtu wa Litein, alikuwa amenizoea kwa sababu tulikula pamoja mara nyingi kwenye kibanda kimoja cha mama lishe kule Miritini. Aliponisikia nikisema nimechoka na joto, aliniambia, "Basi panda. Kwetu hakuna joto, kuna matope tu."

Safari ilichukua siku mbili. Tulipasukiwa na gurudumu Emali, tukalala Mai Mahiu, na asubuhi ya pili tukavuka mashamba ya ngano ya Narok. Miguuni nilikuwa na mfuko wa turubai wenye kila nilichokuwa nacho: jiliwa ndogo ya kubania vyuma, tupa mbili, msumeno wa chuma, taa ya gesi, na nguo kidogo. Tulipopita Longisa hewa ilibadilika. Baada ya Bomet mvua ilianza, ile mvua nyembamba isiyo na haraka, na baada ya Kapkatet chai ikashika pande zote mbili za barabara, imekatwa sawa kama meza. Mimi nilizaliwa upande wa pili wa vilima hivyo, Gusii, na mama yangu alichuma chai maisha yake yote. Nilikuwa nimekaa pwani miaka kumi na tisa. Nilishuka Kericho, saa chache tu kutoka nyumbani, na sikuenda nyumbani. Sina maelezo mazuri ya jambo hilo. Nimekuwa hivyo tangu nimalize kidato cha nne: napenda kukaribia mahali kuliko kufika.

Pwani nilikuwa nimejifunza kazi moja isiyo ya kawaida. Nilikuwa fundi wa fimbo za gofu. Nilianza kwa kubadilisha ile mipira ya kushikia fimbo iliyochakaa, halafu mwenye karakana akanifundisha kupima watu. Unampima mchezaji kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, unapima kiganja na vidole, unamtazama akipiga, kisha unafupisha au kurefusha mpini, unakunja kichwa cha fimbo kidogo kwenye jiliwa, unaongeza kipande cha risasi cha uzito hapa, unapunguza pale. Ni kama fundi wa suti. Watalii walilipenda sana jambo hilo, na mimi niliamini kila neno nililowaambia.

Uwanja niliopata kazi ulikuwa na mashimo tisa tu, katikati ya shamba la chai. Ukitaka kucheza kumi na nane unazunguka mara mbili. Waliocheza pale hawakuwa matajiri. Walikuwa wafanyakazi wa ofisi za kiwanda, walimu, wasimamizi wa mashamba, daktari mmoja wa Kapkatet. Fimbo zao karibu zote zilikuwa zimeachwa na mameneja Wazungu wa zamani, watu warefu, na kwa miaka mingi watu wafupi walikuwa wamejikunja ili watoshee fimbo. Nilipoona hivyo nilifurahi kama fundi viatu aliyefika mji ambao kila mtu anavaa viatu vya kaka yake. Nilipewa chumba nyuma ya banda la makedi, wale wabeba mifuko ya wachezaji, na benchi la kufanyia kazi kwenye varanda.

Mtu wa kwanza kuja kwenye benchi langu alikuwa karani wa kiwanda. Alikuwa mtu wa kutoka ziwani, mfupi, mwenye kifua kipana, na makedi walimwita Jaduong', mzee, kwa heshima yenye utani kidogo. Aliweka mfuko wake juu ya benchi, akaangalia jiliwa yangu, akaniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia.

"Ah, mtu wa ndizi," akasema. "Wazungu wamenipa fimbo, sasa Mkisii anazikata. Haya. Nina miezi minne."

"Miezi minne ya nini, mzee?"

"Ya kustaafu. Nikistaafu narudi nyumbani, na kwetu hakuna uwanja wa gofu, kuna ng'ombe."

Alinieleza taratibu, kama mtu anayesoma barua. Kila mwaka timu ya shamba lile, watu wanane, ilicheza na timu za mashamba mengine. Ili uchaguliwe, hendikapu yako isizidi kumi na nane. Hendikapu ni ile idadi ya mipigo unayosamehewa kwa sababu wewe si bingwa. Kadiri inavyopungua ndivyo unavyocheza vizuri. Yake ilikuwa ishirini na tatu, na ilikuwa ishirini na tatu kwa miaka tisa. Kila mwaka alikuwa amesimama kando ya gari la timu akiwapungia mkono wanane waliochaguliwa. Timu ya mwaka huu ingetangazwa wiki mbili kabla hajakabidhi nyumba ya kampuni.

"Nataka kupanda hilo gari mara moja tu," alisema. "Zitasaidia, hizo fimbo za kushonewa? Niambie ukweli."

Nilimwambia ndiyo. Sikungoja hata kumwona akipiga.

Nilimpima siku hiyo hiyo kwenye saruji ya varanda. Fimbo zake zilikuwa ndefu kwake kwa inchi moja na nusu, na ncha za vichwa vyake zilisimama juu, kwa hiyo mpira ulipenda kwenda kushoto. Nilikata mipini, nikalaza vichwa, nikaongeza risasi ili uzito urudi. Kisha nikapima kiganja chake. Kilikuwa kiganja kikubwa, kikubwa kuliko umbo lake, na kwa jedwali nililofundishwa pwani, kiganja kile kilihitaji mpira mnene wa kushikia. Nikazivalisha fimbo zote mipira minene.

Wiki ya kwanza mpira ulikwenda kulia, ndani ya chai. Wiki ya pili pia. Nilimwambia mwili unazoea. Wiki ya tatu alirudisha kadi mbaya kuliko zote alizokuwa ameandika mwaka ule, na makedi walikuwa wameshapata mchezo wao.

"Fundi, ulimpima Jaduong' ama ulipima kivuli chake?"

"Alimpima kwa saa ya jioni, kivuli kirefu!"

"Wacheni. Majani yamepungua kiwandani, sasa anachuma na mipira."

Lililoniuma zaidi ni uvumilivu wa karani. Mtu aliyekuwa na miezi minne sasa alikuwa na mitatu na kidogo, na hakuninung'unikia hata mara moja. Kila Jumamosi alikuja na kofia yake ya sufu, akasema, "Haya, fundi, twende tukatafute mipira."

Jumamosi ya nne nilimbebea mfuko mwenyewe. Shimo la tano linapita kando ya sehemu ya shamba ambayo bado inachumwa kwa mkono. Kwingine kote mashine zimeshaingia. Mpira wake ulikwenda kulia, kama kawaida, tukaingia kwenye mistari ya chai kuutafuta. Hatukuuona. Nyuma yetu wachezaji wengine walitaka kupita, tukasimama kuwapisha. Na hapo, akiwa anaongea nami kuhusu bati za nyumba anayojenga, mikono yake ikaanza kazi peke yake. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mkono wa kushoto na wa kulia kwa zamu, bila kuangalia. Mikono ilipojaa alitupa nyuma juu ya bega, ambako hapakuwa na kikapu. Majani yakaanguka kwenye matope.

"Mzee, ulichuma miaka mingapi?"

Alitazama mikono yake kama imeshikwa na kosa. "Kumi na mmoja, kabla sijaingia ofisini. Hata mke wangu alinikuta kwenye mstari wa chai."

Niliangalia vile vidole. Kiganja hakikugusa jani hata mara moja. Kazi yote ilikuwa kwenye ncha za vidole na gumba, na kiganja kilikaa wazi, kitupu, kama bakuli. Nilikuwa nimemwona mama akifanya hivyo kila asubuhi ya utoto wangu, na nilikuwa nimeliacha jambo hilo mahali nilipoacha kila kitu kingine. Mtu huyu hakushika kitu kwa kiganja. Alishika kalamu hivyo, alishika kikombe hivyo, na fimbo pia. Mimi nilikuwa nimempa mpira mnene wa kujaza kiganja ambacho hakikutaka kujazwa, na vidole vyake vikashindwa kugeuza fimbo kwa wakati.

Nilirudi kwenye benchi nikavua ile mipira minene yote. Stoo ya klabu ilikuwa na mipira myembamba seti moja tu, ya rangi ya zambarau, ya akina mama. Nikaiweka. Karani alipokuja, aliinua fimbo moja akaitazama.

"Omera," akasema, "ndugu yangu, umenikata urefu, sasa unanivisha rinda?"

"Jaribu kwanza, mzee."

"Nitajaribu. Lakini usimwambie mke wangu ile rangi."

Alipiga mipira kumi pale kwenye nyasi za mazoezi. Saba ilikwenda mbele. Simaanishi karibu na mbele, ilikwenda mbele. Makedi waliacha kucheka, halafu wakaanza kucheka ile rangi.

Kuanzia hapo alicheza kila alipopata nafasi. Alikuja saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kazi, umande ukiwa bado mweupe, akapiga mipira hadi king'ora cha kiwanda kilipolia. Ishirini na tatu ikawa ishirini na mbili, ikakaa, ikawa ishirini na moja. Mwezi wa mwisho ikafika ishirini. Watu wakaanza kuniuliza na wao watapimiwa lini, na mimi nikaanza kuogopa kujibu, kwa sababu nilikuwa namwona akitoka jasho. Fimbo ziliacha kumpinga, hilo nalijua. Lakini kiasi gani kilikuwa cha fimbo, na kiasi gani kilikuwa cha mtu aliyeamka gizani kwa sababu miezi yake inaisha, mpaka leo siwezi kukigawanya. Wengine niliowapimia baadaye, ambao kila pigo lao lilikuwa la aina yake, hawakupata kitu. Hakuna cha kumpimia mtu ambaye kesho atapiga tofauti na leo.

Raundi ya mwisho kabla ya kutangaza timu ilikuwa Jumamosi yenye mawingu. Nilibeba mfuko. Alicheza kama sijawahi kumwona, bila haraka, na tulipofika shimo la kumi na sita niliacha kuhesabu kwa hofu. Ndipo mvua ya mawe ikashuka. Tulikimbilia banda la kupimia majani, tukasimama chini ya mizani tukisikiliza bati likipigwa. Chai iliyotuzunguka iligeuka nyeupe. Ilidumu kama dakika ishirini, na tulipotoka nyasi zilikuwa zimefunikwa na barafu, mpira wake umelala katikati ya mawe yanayofanana nao. Aliinama akaondoa jiwe mojamoja kwa zile ncha za vidole, asiuguse mpira. Lakini mikono yake ilikuwa imeganda. Mpigo ule ulikwenda mfupi, na uliofuata ukateleza kwenye barafu, ukalipita shimo kwa mbali.

Katibu aliingiza kadi kwenye kompyuta ya ofisi huku sisi tumesimama mlangoni, tunadondosha maji. Akageuza kioo ili karani aone mwenyewe. Kumi na tisa.

Tulirudi hadi benchi langu. Nikamwambia kile kilichokuwa kinanichoma: kwamba nilimpotezea mwezi mzima na mipira minene, kwamba kama ningemtazama kwanza kabla ya kumpima, huenda angekuwa na raundi nzuri za ziada, na kumi na tisa ingekuwa kumi na nane.

Alikausha uso kwa kofia. "Miaka tisa hakuna aliyenipunguzia hata moja. Wewe umeondoa nne. Hiyo moja niachie, ni yangu na mvua."

Wiki mbili baadaye timu iliondoka asubuhi. Mimi nami nilikuwa nimefunga mfuko wangu wa turubai. Miguu ilikuwa imeanza kuniwasha tena, na benchi lilikuwa na watu wanaotaka ahadi ambazo sikuwa nazo. Niliomba lifti kwenye gari la timu hadi Kapkatet. Nilipofungua mlango nilimkuta karani ameketi kiti cha nyuma, mfuko wa gofu umelala magotini. Haukuwa wake. Ulikuwa wa msimamizi mmoja wa shamba, kijana wa Ndanai, mmoja wa wale wanane.

"Jaduong' amekuwa kedi!" mtu mmoja akapiga kelele nje.

"Kedi mwenye pensheni," akajibu. "Wewe una nini?"

Njiani yule kijana, mwenye fimbo mpya zinazong'aa, akanigeukia. "Fundi, unatoroka na hujanipimia zangu."

Karani akajibu kwa niaba yangu. "Wewe kwanza piga mipira miwili iende mahali pamoja. Hapo atakuwa na kitu cha kupima." Gari zima likacheka, na kijana akacheka kuliko wote.

Kapkatet nilishuka. Gari lilisubiri lori lipite kabla ya kurudi barabarani, nikapata muda wa kumpungia mkono. Hakuniona. Alikuwa amemwinamia kijana, akimwonyesha kwa vidole vitatu jinsi ya kushika fimbo, na kijana alikuwa akijaribu, na kukosea, na kujaribu tena. Lori likapita, nao wakaondoka.