Siku Baba Alipopigwa Faini

Enzi zetu, Kiingereza kilifika kwetu Kianjokoma kikiwa na neno moja tu mkononi, nalo lilikuwa fain. Mwalimu akiingia darasani akatuuliza hali, tulisimama sote, miguu mitupu kwenye sakafu ya udongo iliyonyunyizwa maji, tukaimba kwa sauti ya kung'oa bati: "Fain, thengiu, ticha!" Hata aliyekuwa na homa alikuwa fain. Rafiki yangu Wawira alianguka kutoka kwenye mpera akavunjika mkono, na mwalimu alipomkimbilia akimwuliza hali, alijibu huku machozi yakimtiririka kwamba yuko fain.

Wawira alikuwa mtoto wa jirani. Mashamba yetu yalitenganishwa na ua wa miti, na uani humo mlikuwa na mwanya tulioupitia kutwa nzima. Tulicheza kati, tukimrushia aliyesimama katikati mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Tuliteleza mteremkoni juu ya magome ya migomba mpaka nguo zikatoboka makalioni, tukarudi nyumbani tukitembea kinyumenyume ili mama asione. Githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, tulikula kwao, viazi vitamu vya kuchomwa majivuni tulikula kwetu, na mama wa kwanza kukukamata jioni ndiye aliyekuogesha, awe wako au wa mwenzako. Nikiwasimulia watoto wa leo habari za ule mpira wa makaratasi, wananiuliza ulikuwa ukichajiwa wapi.

Nilikuwa darasa la tatu ng'ombe wetu mweusi alipoupita ule mwanya akala maharagwe ya Baba Wawira, yaliyokuwa yameanza kutoa maua. Lingekuwa jambo la kuombana radhi na kwisha. Lakini baba yangu alikuwa mtu wa maneno. Baba Wawira alipomfuata kulalamika, walikutana penye kituo cha majani chai, watu wamepanga vikapu wakisubiri kupimiwa. Baba akamjibu mbele yao: "Wewe, ua wako ni kama meno ya kizee. Ng'ombe atakosaje kupita?"

Watu wakaangua kicheko. Baba Wawira hakucheka. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka zamani, na kila mtu pale alilijua hilo.

Kesho yake mwanya ulikuwa umezibwa kwa miiba. Mama aliniambia bila kunitazama, "Wanja, usiende kule kwanza." Darasani, Wawira akahamia dawati la mbele. Nikabaki na mpira wangu. Jaribu wewe kucheza kati ukiwa peke yako uone.

Wiki zikapita, wazee wa ukoo wakaitwa. Waliketi uani kwetu, wakanywa chai, wakasikiliza huyu na yule bila haraka. Mkubwa wao, Mzee Mbogo, alisema kwa sauti ndogo iliyowafanya wote wainame kumsikia:

"Ng'ombe hana kosa. Ng'ombe ni tumbo tu. Kilichoumiza mtu hapa ni ulimi wako, Baba Wanja. Tumekupiga faini, kondoo dume mmoja."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Niliposikia neno lile, mwili wangu ulifanya ulichofundishwa. Nikajinyoosha wima, nikapaza sauti: "Fain, thengiu!"

Wazee walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Hata Baba Wawira alifunika mdomo kwa kofia. Baba peke yake alibaki amenuna, na wazee walipoondoka akaapa kwamba hatatoa kondoo, hata mkia wake.

Shuleni nilimwuliza Mwalimu Nyaga, aliyekuwa akitufundisha Kiingereza: "Mwalimu, kama fain ni nzuri, mbona baba amekasirika?"

Alicheka kwanza, kisha akakuna kichwa. Akatuambia Waingereza wana neno hilo moja kwa mambo mengi: unga uliochekechwa ukalainika, uzi mwembamba, siku isiyo na mvua, mtu mzima wa afya, na adhabu pia. Kiswahili kilipokwenda kuazima, kikachukua adhabu peke yake. "Lakini yalianzaje kuwa ndugu, hata mimi sijui," akasema. "Nitamwuliza padri." Padri wa misheni alikuwa amesoma Kilatini, na sisi tuliamini kwamba aliyesoma Kilatini hakosi jibu.

Jumatatu mwalimu akaingia akitabasamu. "Walatini wa kale," akasema, "walikuwa na neno lao la kusema mwisho, finis. Kitu kikitengenezwa mpaka mwisho, kisibaki na dosari, hicho kikaitwa fain. Na mtu akitoa kitu ili ugomvi ufike mwisho, ndiyo hiyo faini ya baba yake Wanja."

Darasa zima likanigeukia. Wawira naye akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu miiba iwekwe, alinitazama kwa muda mrefu.

Jioni nilimkuta baba akikamua. Nikasimama upande wa pili wa ng'ombe, mahali ambapo mkono wake haufiki.

"Baba, mwalimu amesema faini maana yake ni mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Wa ugomvi."

"Na kondoo pia ni mwisho wake," baba akasema. Lakini niliona pembe ya mdomo wake ikicheza.

Sijui kama ni Kilatini kilichomgeuza au alikuwa amechoka kubeba kikapu cha majani chai njia nzima bila mtu wa kuzungumza naye. Jumamosi alimfunga kondoo kamba, tukamfuata mimi na mama hadi kwa Baba Wawira. Alisimama katikati ya uwanja wao akavua kofia.

"Ndugu yangu," akasema, "ulimi wangu ulitoka malishoni bila mchungaji."

Baba Wawira alimtazama baba, akamtazama kondoo. Nilishika gauni la mama. Kisha yule mzee akatabasamu, pengo lote likaonekana, akasema: "Karibu. Lakini nyama itabidi unitafunie."

Sijawahi tena kuonja mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa kama ule, wala nyama kama ile. Kabla hata haijaiva, mimi na Wawira tulikuwa penye ule mwanya tukiing'oa miiba, tukichomwa vidole na kucheka.

Siku hizi naishi Meru mjini, upande wa Kinoru. Kijana wangu nikimwuliza hali ananijibu "niko fiti", macho yakiwa kwenye simu, hata nyumba ingekuwa inaungua. Mwaka jana jirani yangu na mimi tulikosana juu ya mbwa wake. Tulirushiana maneno kwenye kundi la mtaa simuni, mwenyekiti akaandika "tafadhali tuheshimiane", akaweka picha ya mikono iliyofumbatana, basi. Hakuna aliyekuja kunywa chai kwangu wala kwake. Hakuna aliyeambiwa amekosa. Tunapishana getini kila asubuhi, ananiuliza habari, namwambia nzuri, na kila mmoja anafunga mlango wake. Huwa nasimama kidogo nyuma ya mlango wangu nikitamani angekuwepo mtu wa kutupiga faini.