Gumba la Mama

Miaka yote nilikamua ng'ombe kwa gumba lililokunjwa, kwa sababu mama alikamua hivyo. Hapa Kinyangiri wanawake wa rika lake walikunja gumba, wakaibana chuchu kwa kifundo, na maziwa yakatii. Nilichuchumaa karibu naye zizini nikaiga. Sura yake sikuipata, nimefanana na baba. Nilichopata kwake ni ile namna ya kukamua.

Mwaka jana gumba likaanza kukwama. Nikiamka limejikunja, halinyooki. Nalivuta kwa mkono wa pili, linafyatuka, tak! Machozi yananitoka. Nikapaka samli nikaendelea kukamua. Mimi ni mbishi, sikatai.

Kwenye kituo cha afya binti mmoja mtaalamu wa viungo akaniamkia, akalibonyeza gumba, kisha akaomba nimwonyeshe ninavyokamua. Nikakamua hewa. Akatikisa kichwa.

"Mama, hatukati wala hatuchomi sindano kwanza. Utavaa hili banzi la plastiki wiki sita ili gumba lisikunjwe. Asubuhi loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu. Ila kukamua hivyo ndiyo basi. Ukirudia, litakwama tena."

"Sasa nikamue vipi?"

"Kwa kiganja chote, mama."

Nikarudi nyumbani na gumba limenyooka kwenye plastiki. Mkamwana wangu akashika kazi ya kukamua, mimi nikakaa pembeni namwonea wivu. Wiki ya pili nikashindwa. Alipokwenda kuteka maji, nilivua banzi, nikakunja gumba, nikakamua. Sikufuata maziwa. Nilikuwa na hamu na mama, na nikikamua vile nilikuwa naye. Kesho yake gumba likakwama vibaya kuliko mwanzo, nikaanza kuhesabu wiki upya. Safari hii sikuthubutu.

Siku banzi lilipotoka, gumba lilikunjuka lenyewe, kimya. Mkamwana akachuchumaa karibu nami.

"Anza juu, mama. Kidole kimoja kimoja, unashuka."

Nikashuka. Mwanzoni maziwa yaliruka nje, tukacheka, kisha yakaingia kwenye kibuyu.

"Umeweza, mama!"

Nilifurahi kupona, sisemi uongo. Lakini nilipoutazama mkono wangu ukifunguka na kujifunga, haukuwa tena mkono wa mama. Nikaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, nikalia kama siku tuliyomzika mama.