Mawese Ndani ya Bunduki ya Marisau

Siku ya kwanza nilipoingia katika karakana ya bunduki mjini Lilongwe, Mkuu wa Karakana alipanga mezani vikopo vya mafuta ya kila namna, akaniuliza ni kipi ningekichagua kwa bunduki iliyokuwa mbele yetu. Alikuwa sajenti mstaafu, Mmalawi mwenye sauti ya chini na masikio yaliyochoshwa na milio. Mimi nilikuwa nimetoka Bukavu na tasnifu ya uzamili ya kemia ambayo vita havikuniruhusu kuitetea. Nilianza kumweleza juu ya mnato, yaani ule uzito unaoyafanya mafuta yatiririke upesi au polepole. Nikaeleza jinsi joto linavyoupunguza na baridi inavyouongeza. Nikasema pia kwamba jibu lingetegemea msimu, aina ya chuma, na muda ambao silaha ingekaa bila kutumika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari," alisema kwa Kiingereza, lugha tuliyoitumia kazini, "nimekuuliza kikopo kipi."

"Inategemea, bwana."

"Basi leo utafagia. Kesho utaniambia inategemea nini, kwa sentensi moja."

Nilifagia, na usiku nikaipunguza sentensi hiyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kuipunguza sura yoyote ya tasnifu yangu. Asubuhi nilimwambia: "Inategemea bunduki inakwenda kukutana na nini: mvua, vumbi au baridi." Alinyanyua kidole kuelekea pembeni mwa dirisha, kwenye meza ya mafuta. Hapo ndipo nilipokaa mpaka nilipostaafu, na jina la Daktari sikulivua tena.

Ninyi mnaokuja nyuma yetu mtauliza mtu aliyekimbia vita alitafuta nini mahali kama pale. Nilitafuta kazi, na kazi iliyopatikana ilikuwa ile. Mtu alipofunga mtutu kwa kishindo nyuma yangu, mikono yangu ilitetemeka, na Mkuu aliliona jambo hilo mapema. Hakulisema. Aliwaagiza tu mafundi wengine wafunge bunduki taratibu, kwa kisingizio kwamba bawaba zinachakaa.

Siku za kazi nilikaa katika chumba cha kupanga mjini, mtaa wa Area 49. Jumamosi nilipanda minibasi, nikaipita Lumbadzi, nikashuka njiani na kumalizia safari kwa kabaza, nimekaa nyuma ya baiskeli ya kukodi, hadi nyumbani kwangu Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Jirani yangu huko alikuwa Mama Esperansi, mshonaji na mwimbaji wa kwaya, mtu wa Bukavu kama mimi. Alikuwa akinisubiri mlangoni pake kana kwamba nilikuwa na deni la kumfurahisha.

"Mumuangalie huyu!" alikuwa akiwaita majirani. "Siye bote tulikimbia bunduki, yeye anazifuata Lilongwe kuzipaka mafuta!"

"Nazipaka zisiote kutu, mama."

"Ziache zikuliwe na kutu! Mi ningekuwa we, ningezipaka chumvi."

Watu walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikalala nikilifikiria neno lake kwa uzito ambao yeye mwenyewe hakuukusudia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bunduki nyingi tulizoletewa zilikuwa za marisau, zile zinazotawanya chembe ndogo za risasi, mali ya wenye mashamba waliozimiliki kwa leseni. Wenyewe walizipaka chochote walichokuwa nacho. Mmoja alitumia mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, ambayo hubeba masizi na asidi, na vumbi la kiangazi likishikana nayo huwa kama msasa. Mwingine aliosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Hayo husafisha vizuri, lakini yakikauka huacha chuma uchi. Wengine walijaza grisi kila mahali, ilhali grisi ilistahili kukaa kwenye bawaba tu, pale bunduki inapokunjwa. Yako pia mafuta mepesi ya kulegeza misumari yenye kutu. Watu huyapenda kwa sababu hupenya kila mahali, nayo kweli hupenya, hata ndani ya risasi, yakaiua.

Chaguo langu lilikuwa mafuta mepesi ya madini, yasiyo na rangi wala harufu ya kujivunia. Wakati wa mvua niliyapaka utando mwembamba juu ya chuma chote. Wakati wa vumbi niliyapaka kisha nikayafuta, mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Ndani ya mtutu sikuacha kitu. Kwenye pini ya kufyatulia, ile sindano fupi inayogonga kitako cha risasi, niliweka tone kwenye ncha ya kijiti, nikafuta nusu yake, na mara nyingine nikasita juu ya nusu iliyobaki. Mkuu alinikuta siku moja nikiwa nimesimama hivyo na kijiti mkononi.

"Unaiombea?"

"Nafikiri kama imezidi, bwana."

"Ukifikiri sana itakauka yenyewe. Zikomo, Daktari," alisema, akinishukuru kwa Kichewa, "lete bunduki."

Yote hayo ni utangulizi wa asubuhi moja ya msimu wa baridi.

Meneja wa shamba moja la upande wa Dowa, si mbali na Dzaleka, alifika na bunduki ya mtutu mmoja, risasi moja mfukoni, na mlinzi wake nyuma. Mlinzi huyo, Nestori, alikuwa Mrundi niliyemfahamu kwa sura kutoka kambini. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza nyani kwenye mahindi ya dimba, yale yanayopandwa bondeni penye unyevu na kustawi hata katika baridi.

"Imekataa kulia," alisema Meneja. "Huyu anasema hajui kwa nini. Nataka kujua kama ameiharibu."

Niliichukua risasi kwanza. Katikati ya kitako chake, juu ya fataki, kile kidonge kidogo cha shaba kinachowasha baruti, palikuwa na alama ya pini: duara dogo, lisilo na kina. Pini ilikuwa imegonga, lakini kwa unyonge. Nilifungua sehemu ya ndani. Springi ilikuwa na nguvu zake. Pini nayo ilikuwa nzima, ila imevikwa kitu kizito cha rangi ya chungwa, kama nta. Niliposogeza pua niliinusa tasnifu yangu. Yalikuwa mawese.

Nilikuwa nimeyasoma mafuta hayo kwa miaka ya ujana wangu. Ndani yake mna sehemu mbili: moja hubaki maji, nyingine huganda mara hewa inapopoa. Mchana wa joto yangeiachia pini ipite, lakini alfajiri ya Dowa yangeishika. Nililieleza hilo mezani, kwa sentensi chache kuliko kawaida yangu.

"Safisha," alisema Mkuu.

Niliosha pini kwa mafuta ya taa, nikaikausha, nikaweka tone la mafuta yangu mepesi na kulifuta. Nikaunganisha kila kitu. Mkuu aliichukua bunduki, akaichukua na ile risasi yenye alama, tukatoka wote hadi kwenye rundo la mchanga nyuma ya karakana. Aliitia risasi ileile na kufyatua.

Ililia. Mchanga uliruka. Nilipogeuka nilimwona Nestori ameketi chini, kitako kwenye udongo, kofia imeanguka pembeni.

"Amepatwa na nini?" aliuliza Meneja.

Nestori alinitazama mimi. Alizungumza Kiswahili chetu, kile cha kambini, ambacho pale palipokuwa na watu wanne kilieleweka na wawili tu.

"Mzee, ile risasi njo niliipiga mi."

"Ulimpiga nani?"

"Kulikuwa baridi, ukungu. Mahindi ikatikisika. Nikasema ni nyani. Nikavuta. Ikalia 'ta' tu. Nikataka kuvuta tena, nikasikia mutu anaimba." Alimeza mate. "Mama Esperansi, mzee. Alikatisha shamba na kuni yake ku kichwa. Akaniona, akasema, 'Nestori, umeamka salama?' Hakujua kitu. Mi nikamuitika: 'Salama, mama.'"



"Mawese mi njo niliipaka," aliendelea. "Kwetu tunapakaga ku kila kitu, ku jembe, ku mlango, ku ngozi ya batoto. Na sasa umeitengeneza. Umeitengeneza muzuri sana, mzee."

"Anasema nini?" Meneja aliuliza tena.

Hapo nilisimama mbele ya njia mbili na nikaziona zote kwa wakati mmoja, kwani huo ndio ugonjwa wangu. Nikitafsiri, Nestori angeweza kupoteza kazi, na mkimbizi aliyemlenga mtu kwa bunduki ya mwajiri angeweza kupoteza zaidi ya kazi. Nisipotafsiri, angerudi bondeni kesho na bunduki ambayo, kwa mkono wangu, haitakosa tena. Niliwaza pia njia ya tatu, ya kutafsiri nusu, nikaona ilikuwa uongo uliovaa nguo za heshima.

"Nestori," nilimwambia kwa Kiswahili, "nikiyasema haya, unaweza kufukuzwa."

"Na usiposema?"

"Utarudi nayo shambani."

Aliokota kofia yake, akaipangusa vumbi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Watu wetu bote wanapitaga pale na kuni," alisema. "Sema, mzee. Sema yote."

Nikayasema yote, neno kwa neno, pamoja na salamu ya Mama Esperansi na jibu lake. Meneja alikuwa mtu wa kawaida, si mbaya. Uso wake ulibadilika pale nilipofika kwenye salamu. Aliitazama ile bunduki mikononi mwa Mkuu kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeileta.

"Shamba linapitwa na watu?" Mkuu alimuuliza.

"Wanakatisha. Nimewakataza."

"Lakini wanapita."

"Wanapita."

"Basi mimi nimeifanya bunduki ilie," alisema Mkuu, "lakini simpi mtu bunduki ya kufyatulia mahindi yanayotikisika. Ifungie ofisini. Mpe huyu debe na fimbo."

Walibishana kwa Kichewa, Meneja akitaja nyani na hasara, Mkuu akirudia neno moja, "watu", mpaka likachosha. Hatimaye bunduki ilirudi na Meneja, ikafungiwa ofisini. Nestori alipewa debe. Nyani, ambao si wajinga, walilizoea debe kabla ya msimu kwisha na wakala walichokula. Baada ya mavuno Nestori aliambiwa hakuna kazi tena. Hakuna aliyemshtaki. Sikuwahi kujua kama tulimwokoa au tulimpoteza kwa upole.

Jioni ile Mkuu alinikuta mezani, sijagusa kitu. Alivuta kiti.

"Bunduki yenye mafuta mabaya ni hatari, Daktari. Kesho ingemlipukia mkononi, au ingekaa kimya mpaka aisogeze."

"Najua, bwana."

"Basi ulifanya kazi yako."

"Najua."

Alinigonga begani, akaenda kufunga milango, taratibu.

Nilifanya kazi miaka mingine baada ya hapo, nikiyachagua mafuta yaleyale, nikiyafuta vilevile. Nilipotengana na meza ile sikufanyiwa sherehe, na sikuitaka. Sasa nakaa Dzaleka moja kwa moja. Washonaji huniletea cherehani zao zinapokuwa nzito, nami nazipa mafuta yangu mepesi, tone kwenye ncha ya kijiti, nusu yake nikaifuta. Cherehani haina la kuogopesha.

Nikiulizwa na vijana mafuta bora ya bunduki ni yapi, nawajibu kama nilivyojifunza kujibu, kwa sentensi moja. Mawese siyapendekezi. Huganda, hushika pini, na hakuna fundi atakayeyatetea. Nimelipima jambo hili kwa kila namna ninayoijua. Labda fataki ilikuwa na unyevu. Labda bunduki ilifungwa vibaya asubuhi ile. Ila springi ilikuwa na nguvu, na risasi ileile ililia mchangani. Kila hesabu ninayoifanya hunirudisha kwenye nta ile ya rangi ya chungwa, nami nimechoka kuihesabu.

Nestori sasa anauza mawese sokoni, katika chupa zilizopangwa juu ya gunia. Asubuhi za baridi huganda, nusu chungwa nusu njano, na Mama Esperansi, ambaye mpaka leo hajaambiwa kitu, huwa wa kwanza kufika, kwa sababu ya sombe yake, yale majani ya muhogo asiyokubali kuyapika kwa mafuta mengine. Huigeuza chupa juu chini na hakitoki kitu.

"Nestori, weye! Mafuta yako imeganda tena!"

Nami nikiwa nimesimama hapo jirani, nanunua chumvi au sinunui kitu, humsikia akimjibu kwa sauti ambayo hakuna mwingine sokoni anayejua imetoka wapi:

"Hakuna haraka, mama. Kaa hapa. Tungoje jua."